Ukichanganya Filamu za Nyeusi na Nyeupe: Namna ya Kuokoa Picha Kamerani na Kwenye Tangi

Filamu mbili za nyeusi na nyeupe zikishatolewa kwenye vifurushi vyake hufanana kiasi cha kumchanganya hata mtu aliyeizoea kazi. Ulimi wa kijivu unaochomoza kwenye kopo la HP5 Plus hauna tofauti ya maana na ule wa FP4 Plus, na filamu zote mbili ni za kiwanda kimoja cha Ilford kilichoko Mobberley, Uingereza. Mtu anayebeba kamera mbili, moja kwa ajili ya jua la mchana na nyingine kwa ajili ya ndani ya nyumba, hahitaji uzembe mkubwa ili aikosee moja. Mara nyingi kosa hujulikana baada ya kutendeka: unafungua begi na kulikuta kopo la ISO 400 (ISO ni kipimo cha kasi ya filamu, yaani wepesi wake wa kupokea mwanga), ambalo ulikuwa na hakika liko kamerani, likiwa limekaa palepale na halijaguswa.

Hapo usifungue mgongo wa kamera, wala usikimbilie dawa. Jiulize kwanza kosa liko upande gani, kwa sababu kuchanganya filamu ni makosa mawili yanayoitwa kwa jina moja. Upande wa kwanza ni wa mwanga: kamera imewekwa kwa kasi ya filamu moja, na ndani mna nyingine. Ukipiga FP4 Plus, ambayo ni ISO 125, huku mita ya mwanga imewekwa 400, kila picha imepata mwanga pungufu kwa hatua moja na theluthi mbili (kila hatua ni mwanga mara mbili au nusu yake). Na ukipiga HP5 Plus kana kwamba ni ya 125, kila picha imezidishiwa mwanga kwa kiasi hichohicho. Upande wa pili ni wa dawa: mwanga ulikuwa sahihi, ila filamu imesafishwa kwa muda wa filamu nyingine. Mwanga uliopungua haurudishwi. Kivuli ambacho hakikupata mwanga wa kutosha hakina kitu cha kusafishwa, na hakuna divelopa, ile dawa ya kuitoa picha, itakayokiumba. Muda wa dawa, lakini, unabaki mikononi mwako hadi dakika ile unapomimina.

Ndiyo maana filamu yenye shaka haiharakishwi. Iache ndani ya kopo lake, mahali pasipo na joto, mpaka ujue ni ipi. Isiyofaa kuwekwa muda mrefu ni Pan F Plus ya ISO 50, ambayo picha zake zilizopigwa lakini hazijasafishwa hufifia mapema kuliko za filamu nyingine, na Ilford wenyewe hushauri isafishwe ndani ya miezi mitatu tangu ipigwe.

Kosa likigunduliwa filamu ikiwa bado kamerani

Tuseme umekwisha kupiga picha 12 kwa mita ya 400, kisha ukatambua kwamba iliyomo ni FP4 Plus. Una njia mbili. Ya kwanza ni kuendelea kwa 400 hadi mwisho wa filamu na kurefusha muda wa kusafisha kwa filamu nzima. Njia hii ni rahisi, na inafaa ikiwa picha 12 za mwanzo ndizo za thamani kuliko zitakazofuata. Ya pili ni kurudisha mita kwenye 125, kupiga zilizobaki kama inavyotakiwa, na baadaye kuikata filamu gizani ili kila kipande kisafishwe kwa muda wake. Binafsi naipendelea ya pili, kwa sababu haiharibu picha ambazo bado hazijapigwa kwa ajili ya zile zilizokwisha kuharibika.

Ukichagua kukata, fanya jambo moja kabla ya kuendelea: funika lenzi kwa kifuniko chake na upige picha tatu tupu. Kwenye filamu ya 35 mm kila picha huchukua milimita 38, yaani matundu manane ya pembeni, kwa hiyo picha tatu tupu hukupa zaidi ya sentimita 11 za kukatia bila hofu ya kupasua sura ya mtu katikati. Andika namba za picha hizo mara moja, maana kumbukumbu ya namba haifiki jioni.

Ugumu huja gizani, ambapo huwezi kuhesabu picha kwa macho. Chukua filamu ya zamani iliyopigwa kwa kamera hiyohiyo na ambayo haijakatwa, uipime kutoka ncha ya ulimi hadi katikati ya nafasi inayolingana na picha zako tupu. Bandika vipande viwili vya utepe wa gundi pembeni mwa meza kwa umbali huo. Ukishazima taa, fungua kopo, shika ncha ya ulimi kwenye kipande cha kwanza cha utepe, inyooshe filamu hadi vidole viguse kipande cha pili, kisha kata. Filamu iliyorudishwa kwenye kopo lake ina picha ya kwanza karibu na ulimi, kwa hiyo kipande ulichokikata kwa nje ndicho chenye picha 12 za 400. Fanya jaribio moja na filamu ya bure taa ikiwa imewaka, na la pili ukiwa umefumba macho, kabla ya kuifanya kazi yenyewe.

Kamera zinazosoma kasi ya filamu zenyewe huleta mkanganyiko wa aina yake. Miraba ya fedha na nyeusi iliyo kwenye kopo, ambayo Kodak waliianzisha mwaka 1983 kwa jina la DX, ndiyo inayoiambia kamera ni ISO ngapi. Filamu uliyoijaza mwenyewe kutoka kwenye mkebe wa mita 30.5 huwekwa kwenye makopo ya kutumia tena ambayo mara nyingi hayana miraba hiyo, na kamera nyingi ndogo zikikosa cha kusoma huchukulia kwamba filamu ni ya 100. HP5 Plus iliyopigwa hivyo imezidishiwa mwanga kwa hatua mbili. Si msiba, kwa kuwa filamu ya negativu, ile ambayo penye mwanga hutoka peusi, huvumilia mwanga uliozidi kuliko uliopungua, lakini ni vizuri kujua kabla ya kusafisha. Hatari kubwa zaidi ni kutumia tena kopo lenye miraba ya filamu nyingine: kopo la zamani la ISO 100 lililojazwa filamu ya 400 litaidanganya kamera, na litakudanganya wewe pia.

Kuitambua filamu isiyojulikana

Kwenye filamu pana ya 120 kazi ni nyepesi, maana karatasi ya mgongoni na ule utepe wa kufungia filamu iliyopigwa huwa vimeandikwa jina. Shida iko kwenye makopo ya 35 mm yaliyobanduka lebo, na zaidi kwenye yale yaliyojazwa nyumbani, ambapo mkebe mmoja hutoa takriban filamu 18 zinazofanana kama maji na maji.

Jina la filamu, hata hivyo, limo ndani ya filamu yenyewe. Kiwandani, pembeni kwenye mstari wa matundu, huchapwa kwa mwanga maandishi kama ILFORD HP5 PLUS, KODAK 400TX au FOMAPAN pamoja na namba za picha, na maandishi hayo huonekana tu filamu ikishasafishwa. Ukisafisha kipande kidogo kwanza, filamu itajitaja yenyewe. Hiki ndicho kipimo ninachokishauri kwa kila filamu yenye shaka, na gharama yake ni picha moja au mbili za mwanzo.

Zima taa au tumia mfuko wa giza. Vuta filamu kutoka kwenye kopo na ukate kipande cha kama sentimita 20 kikiwa na ulimi, kisha rudisha iliyobaki ndani ya kopo, au iweke kwenye mkebe usiopitisha mwanga. Ulimi pekee hautoshi, kwa sababu umeshapigwa na mwanga wa mchana na utatoka mweusi wote; unahitaji sehemu iliyokuwa ndani ya kopo. Pakia kipande hicho kwenye rili, kile kigurudumu kinachoishika filamu ndani ya tangi la dawa, kisafishe kwa muda wa filamu unayoidhania zaidi, kitie fiksa, dawa inayoikaza picha isiharibiwe na mwanga, kisha washa taa na usome pembeni.

Kipande hicho kitakupa habari tatu kwa pamoja. Kwanza, jina. Pili, weusi wa ulimi: ukiwa mweusi kabisa, divelopa yako ni nzima, ukiwa wa kijivu, dawa imekufa na bora umeligundua hilo kwa ulimi kuliko kwa filamu nzima. Tatu, na hapa ndipo penye faida kubwa, ni ulinganisho wa maandishi na picha. Maandishi ya pembeni hayategemei kamera yako, kwa kuwa mwanga wake ulitoka kiwandani. Yakiwa meusi na yenye ncha kali huku picha iliyo jirani imefifia, usafishaji ni mzuri na kosa ni la mwanga. Yakiwa yamefifia pamoja na picha, kosa ni la dawa: muda mfupi, baridi, au divelopa iliyochoka. Yakiwa mazito hadi yameanza kutanuka na kuvimba, muda umezidi. Pan F Plus haifai kuhukumiwa hivi kwa ukali, kwa sababu maandishi yake huwa hafifu hata ikisafishwa vyema.

Rangi nayo husaidia, ingawa si ushahidi wa kutosha peke yake. Fomapan 100 ikilowekwa kwenye maji matupu kabla ya divelopa hutoa maji ya kijani au buluu, jambo linalowatisha wanaoiona kwa mara ya kwanza. Filamu za T-Max za Kodak hubaki na kivuli cha waridi zikitoka kwenye fiksa. Ukiona maji ya kijani ilhali ulitarajia HP5 Plus, bado una nafasi: divelopa haijaingia, na muda unaweza kubadilishwa palepale.

Filamu mbili tofauti ndani ya tangi moja

Mara nyingine mchanganyiko hutokea mezani: unapakia rili mbili gizani, na taa ikiwaka unaona makopo matupu ni ya aina mbili. Kabla ya kukasirika, linganisha muda. Nitatumia ID-11 ya Ilford, ambayo kwa matumizi ya kawaida haina tofauti na D-76 ya Kodak, kwa joto la nyuzi 20.

FP4 Plus na Delta 100 zina muda uleule: dakika 8 na nusu kwa dawa isiyochanganywa na maji, na dakika 11 kwa dawa iliyochanganywa nusu kwa nusu. Hizi unaweza kuzisafisha pamoja bila wasiwasi wowote. HP5 Plus inataka dakika 7 na nusu kwa dawa kamili, kwa hiyo ikikutana na FP4 Plus tangini, dakika 8 zitazifaa zote mbili na hakuna jicho litakalogundua. Nusu kwa nusu pengo huongezeka kidogo, 13 kwa 11, na hapo 12 ni suluhu nzuri. Delta 400 inataka dakika 9 na nusu kwa dawa kamili, na Pan F Plus 6 na nusu tu. Hizi mbili zikiwa pamoja, suluhu ya katikati huumiza pande zote, na ni heri kuzitenganisha. Taa imewaka, lakini tangi limefungwa na filamu ziko salama, kwa hiyo zima tena, fungua, toa rili moja na uiweke kwenye tangi la pili.

Kwa Tri-X 400 fuata mwongozo wa Kodak wenyewe, ambao kwa D-76 nusu kwa nusu ni dakika 9 na robo tatu. Ukilinganisha na dakika 13 za HP5 Plus, filamu ya kasi ileile, unaona kwa nini kusema tu kwamba "ni ya 400" hakutoshi. Sehemu ya tofauti hiyo ni ya filamu zenyewe, na sehemu ni kwamba kila kiwanda hulenga kontrasti yake, yaani tofauti kati ya weusi na weupe. Tri-X ikipewa dakika 13 itatoka na weupe mzito uliojaa, ingawa bado itachapika. HP5 Plus ikipewa 9 na robo tatu itatoka nyembamba na ya kijivu. Ukiwa na zote mbili tangini na huwezi kuzitenganisha, elekea upande wa muda mrefu zaidi, kama dakika 11 na nusu, kwa kuwa negativu nzito kidogo ina habari nyingi kuliko iliyopauka.

Joto ni jambo la kuangaliwa kabla ya hesabu zote hizi. Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar, maji ya bomba mara nyingi huwa juu ya nyuzi 25, na kila nyuzi moja juu ya 20 hula karibu sehemu ya kumi ya muda. Dakika 7 na nusu za HP5 Plus zitashuka chini ya 5, na muda mfupi kiasi hicho huacha madoa na michirizi kwa sababu dawa haipati nafasi ya kuenea sawasawa. Mwenye maji ya moto atumie dawa ya nusu kwa nusu, ambayo kwa nyuzi 24 bado humpa takriban dakika 9, na aweke chupa zake kwenye beseni la maji yenye barafu hadi kipimajoto kitulie. Fiksa na maji ya kusuuzia yawe na joto lisilopishana sana na la divelopa.

Muda wa fiksa nao uchaguliwe kwa kuifuata filamu inayochelewa. Filamu za Delta na T-Max huchukua muda mrefu zaidi kung'aa kuliko HP5 au Tri-X, na huichosha fiksa mapema. Tumbukiza kipande cha ulimi cha kila aina kwenye fiksa taa ikiwa imewaka, hesabu sekunde hadi kipoteze utando wa maziwa, kisha zidisha mara mbili muda wa kile kilichochelewa. Kile kivuli cha waridi kikibaki baada ya hapo, kirudishe kwenye fiksa mpya na suuza zaidi. Kikiwa hafifu hakiharibu picha.

Kurefusha na kufupisha muda

Ukijua kwamba kosa lilikuwa la mwanga na unajua liliegemea upande gani, muda hubadilishwa kwa makusudi. Mfano mzuri ni wa HP5 Plus yenyewe kwenye ID-11 kamili: dakika 7 na nusu kwa 400, dakika 10 na nusu ikipigwa kama 800, na 14 ikipigwa kama 1600. Kila hatua moja imeongeza muda kwa theluthi moja hadi mbili ya tano. Kwa FP4 Plus iliyopigwa kama 400 hakuna muda wa kunakili kutoka kwenye mwongozo wa kawaida, lakini kwa mwendo huohuo dakika 8 na nusu zitafika 14 hivi. Mimi ningeanza na 13 kwenye kipande cha majaribio, nikitazama weupe usizibe. Usitarajie vivuli kurudi. Kinachoongezeka ni weusi wa sehemu zenye mwanga na za katikati, kwa hiyo uso wa mtu aliyekaa juani utaokolewa na aliyekaa kivulini atabaki gizani.

Kwa mwanga uliozidi hatua moja au mbili, fupisha muda kwa sehemu ya tano au pungufu: HP5 Plus iliyopigwa kama 125 ikapata dakika 6 badala ya 7 na nusu hutoa negativu laini yenye vivuli vilivyojaa. Wapo wanaopiga hivyo kwa kupenda. Kufupisha zaidi ya hapo hakufai, kwa sababu unaingia tena kwenye muda wa chini ya dakika 5.

Ikiwa hujui filamu wala kasi iliyotumika, na huna hata picha moja ya kutoa sadaka, ipo njia ya kuiacha filamu itulie kwenye dawa nyembamba: Rodinal, ambayo chimbuko lake ni Agfa mwaka 1891, mililita 5 au zaidi kwa kila filamu, katika uwiano wa 1 kwa 100, kwa muda wa saa moja, na kutikisa mwanzoni tu na pengine mara moja katikati. Dawa hujimaliza haraka penye mwanga mwingi na huendelea kufanya kazi polepole kwenye vivuli, ndipo filamu za kasi tofauti zikatoka zote zikiwa na kitu. Watu huisifu njia hii kupita kiasi. Kontrasti huwa ya kupooza, chembe huonekana, na mara kwa mara michirizi hushuka kutoka kwenye matundu ya pembeni. Na kwenye chumba chenye nyuzi 28 saa nzima huacha ukungu mwingi. Ni njia ya dharura, wala haifikii kipande cha majaribio na ID-11.

Mchanganyiko usio na tiba

Makosa yote niliyoyataja hadi hapa huacha picha za aina fulani. Lipo moja lisiloacha kitu. Ilford hutengeneza XP2 Super, filamu ya nyeusi na nyeupe ya ISO 400 inayosafishwa kwa dawa za rangi, yaani mfumo wa C-41, na Kodak nao walikuwa na BW400CN ya namna hiyo hadi ilipoachwa mwaka 2014. Picha ya filamu hizi hujengwa kwa wino unaozalishwa wakati wa kusafisha, na madini yote ya fedha huondolewa na dawa ya kupaushia. HP5 Plus, FP4, Tri-X na nyinginezo za kawaida hazina wino huo. Picha yao ni fedha yenyewe. Ukiiingiza HP5 kwenye mashine ya rangi, dawa ya kupaushia itaila fedha yote na fiksa itaiondoa, na utarudishiwa ukanda mtupu unaopenyeza mwanga kama kioo. Hapo hakuna cha kuokoa.

Kwa hiyo kabla ya kuikabidhi filamu studio, tafuta maandishi C-41 au Process C-41 kwenye kopo. Yakiwepo, iende kwenye mashine ya rangi. Yasipokuwepo, au lebo ikiwa imebanduka, usiseme tu kwamba ni "blakienwaiti", kwa kuwa aliyezoea XP2 atakuelewa vingine. Sema: "Fundi, hii ni filamu ya fedha, ya D-76, isiingie kwenye mashine ya rangi," na uyaandike maneno hayo juu ya kopo, maana anayepokea kaunta mara nyingi siye anayepakia mashine. Filamu isiyojulikana kabisa, isafishe kwa dawa ya nyeusi na nyeupe. XP2 ikiingia kwenye ID-11 kwa bahati mbaya hutoka na picha ya fedha juu ya ukanda wenye kivuli cha zambarau. Anza na muda wa HP5 Plus na utapata negativu ya kuchapika. Hata filamu ya rangi itatoa picha, ingawa itakuwa imefunikwa na ile rangi ya chungwa na itahitaji muda mrefu wa kuchapa. Upande huo kosa husameheka. Upande wa pili halisameheki.

Negativu ikishatoka vibaya

Kabla ya kuigusa negativu kwa dawa yoyote ya ziada, ichape au iskani ilivyo. Karatasi za kuchapia za kontrasti inayobadilika, zenye vichujio kuanzia 00 (kontrasti ndogo) hadi 5 (kontrasti kubwa), huokoa negativu nyingi kuliko dawa. Iliyopauka kwa muda mfupi huwekwa kwenye kichujio cha 4 au 5; iliyojaa kupita kiasi kwa muda mrefu hushushwa hadi 1 au 0.

Iliyopauka zaidi ya hapo inaweza kuongezewa nguvu kwa tona ya seleniamu, sehemu 1 kwa 3 za maji, kwa dakika kadhaa huku ukitazama. Faida yake haizidi sana hatua moja, na huongeza zaidi sehemu zilizokwisha kuwa nzito. Negativu lazima iwe imepata fiksa ya kutosha na kusuuzwa vizuri kwanza, la sivyo itapata madoa. Seleniamu ni sumu: vaa glavu, fungua madirisha, na usitumie vyombo vya jikoni.

Iliyo nzito mno hupunguzwa kwa dawa ya Farmer, mchanganyiko wa potasiamu ferisianidi na dawa iitwayo haipo (sodiamu thiosulfeti), na hapa ile tofauti ya makosa mawili inaamua namna ya kuitumia. Ikiwa mwanga ulizidi, changanya vyote viwili pamoja muda mfupi kabla ya kutumia: mililita 30 za ferisianidi, iliyotengenezwa kwa gramu 37.5 katika mililita 500 za maji, na mililita 120 za haipo, iliyotengenezwa kwa gramu 480 katika lita 2, kisha ongeza maji hadi lita 1. Mchanganyiko huu hukata uzito kwa kiasi kinacholingana kila mahali, na hivyo kuondoa pazia lililofunika vivuli. Ikiwa ni muda wa dawa uliozidi, tenganisha: ferisianidi gramu 7.5 kwa lita kwanza, dakika 1 hadi 4, kisha haipo gramu 200 kwa lita, dakika 5. Namna hii hupunguza zaidi penye uzito mkubwa, na kontrasti hushuka.

Tumia haipo tupu, si fiksa yenye asidi, na usiruhusu ferisianidi ikutane na asidi kali kwa namna yoyote, kwa kuwa hutoa gesi ya sumu. Loweka negativu kwenye maji kwanza, tikisa trei bila kusimama, na uitoe mapema kidogo kuliko jicho linavyotaka, maana dawa huendelea kula hadi maji ya bomba yaiondoe. Suuza vizuri, tundika ikauke, kisha ichape. Ikiwa bado ni nzito, unaweza kuirudisha tena. Iliyokatwa kupita kiasi haijazwi.